Saplimenti za viungo zinamkinga mbwa na yabisi? Mimi nilimpa Bosi miaka minne

Jumamosi iliyopita babake Baraka karudi kutoka mjini na mfuko wa agroveti, mna kola nyekundu, mna dawa ya minyoo, na chini kabisa mna lile kopo. Nililijua hata kabla sijalitoa, manake kopo kama hilo nimelinunua mwenyewe miaka minne mfululizo, kifuniko kijani, picha ya mbwa karuka juu miguu yote hewani. Akaniambia hili la Zuhura, tumuanzishe mapema mapema asije akawa kama Bosi.

Zuhura ni shepadi, ana miezi minne, sikio moja limesimama jingine bado limelala. Bosi ndio mkubwa wake, katimiza miaka kumi, siku hiyo alikuwa kwenye mkeka wake pale mlangoni, kusikia jina lake kainua kichwa akatuangalia, mwili hakuunyanyua. Nikamwambia babake Baraka ahsante, nikaliweka kopo juu ya friji na hapo ndipo lilipo mpaka leo, halijafunguliwa. Sikutaka kubishana na mtu aliyeleta kitu kwa mapenzi. Lakini usiku usingizi ulinipaa, nawaza ntamuelezaje, na katika kuwaza nikaona si yeye peke yake, wako watu wengi hapa Mombasa wana mbwa wakubwa getini na wanaambiwa yale yale niliyoambiwa mimi, kwa hivyo wacha niyaandike yote.

Swali ni hili: mbwa mzima, hana shida yoyote, ukimpa vidonge vya viungo kila siku, utamkinga na yabisi akizeeka? Nilipofikia mimi, baada ya Bosi na baada ya kumuuliza daktari wake maswali mpaka nikaona haya, ni kwamba hapana. Ushahidi wa maana kwamba vinakinga haupo. Na yapo mambo yanayosaidia kweli, mengine hayagharimu hata shilingi, na hayo ndio sikuambiwa na mtu wakati Bosi alikuwa mdogo.

Bosi tulimchukua ana miezi mitatu kwa mtu Bamburi, tukamlea hapa hapa Kisauni. Alipofika miaka mitatu nilikwenda agroveti kununua dawa ya kupe, kijana wa dukani akaniuliza ni mbwa gani, nikamwambia shepadi, akasema eh mama, shepadi wana shida ya nyonga hawa, mbona humpi ya viungo? Nikatoka na kopo siku ile ile, Sh3,500, la mwezi mmoja. Na sikukosa hata mwezi. Kuna muhula Baraka alikuwa na safari ya shule nikamwambia asubiri mwanangu, nimeshalipa ya Bosi. Ukipiga hesabu ya miaka minne ni Sh168,000, na naitaja sio kwa uchungu wa pesa, naitaja ili mtu ajue nilijaribu kweli kweli, sikuwa mtu wa kumpa leo na kusahau kesho.

Aliyeona kwanza si mimi. Ni Bi Mwanaisha, jirani yangu wa mbele. Bi Mwanaisha kila asubuhi akimaliza kuswali hutoka akakaa barazani kwake na tasbihi yake, na Bosi akipita yeye huikusanya leso yake asiguswe, udhu wake, nami namuheshimu kwa hilo, hushika kamba fupi mpaka tumpite. Hajapata kumgusa Bosi hata siku moja. Lakini macho anayo. Siku moja akaniita.

"Mama Baraka, huyu mbwa wenu yuna nini? Yuwainuka mbele, nyuma yuwasita mpaka ajivute. Magoti yangu mie ndivyo yafanyavyo."

Nikamwambia shikamoo Bi, hana kitu huyo, ni uvivu tu, mbona yuwala dawa ya viungo kila siku. Akanyamaza kidogo. "Haya," akasema, "lakini muangalieni."

Miezi miwili baadaye Bosi alikuwa anachechemea waziwazi, mguu wa nyuma wa kushoto. Tukampeleka, akalazwa usingizi, akapigwa eksirei. Daktari akanionyesha picha na akanieleza kwa mfano ambao sijausahau. Akasema Mama Baraka, nyonga nzuri ni kama nazi mbichi na kifuu chake, nyama imeshikana na kifuu, haichezi. Ya Bosi ni kama mbata. Ukiitikisa unaisikia ndani kong'o kong'o. Kichwa cha mfupa wa paja hakikukaa sawasawa kwenye kikombe chake tangu alipokuwa mtoto, kikawa kinacheza mle ndani miaka yote hiyo, kinasugua, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, likalika, na mfupa nao ukaanza kuota vinundu pembeni kujaribu kujishikilia. Nikamuuliza tangu lini? Akasema hii ilianza kabla hajafika mwaka mmoja.

Hapo mimi nilikaa kimya. Manake kopo la kwanza nilinunua ana miaka mitatu.

Na hili ndio jambo ambalo ningetaka kila mwenye mbwa mkubwa alielewe. Sisi binadamu tumezoea kwamba yabisi ni ya uzee, mtu kafanya kazi, kabeba, magoti yamechoka. Kwa mbwa mara nyingi sivyo ilivyoanza. Mara nyingi kuna kitu nyuma yake: nyonga ambayo haikukaa, kiwiko ambacho hakikuumbika vizuri, pia ya goti inayoteguka, au ukano wa ndani ya goti umekatika. Hawa wakubwa, shepadi, Labrador, Rottweiler, ndio nyonga na viwiko, na wanarithi kwa wazazi. Uzee unakuja tu kuyaonyesha yaliyokuwepo. Sasa kidonge utakachompa mbwa wa miaka mitatu kitaenda kuurudisha vipi mfupa kwenye kikombe chake?

Tuje kwenye kopo lenyewe. Ukisoma pembeni utakuta glukosamini na kondroitini, ndio kubwa mbili, alafu pengine kolajeni, manjano, na vitu vya kunogesha ladha. Glukosamini nyingi inatoka kwenye maganda ya kamba na kaa, yale maganda yanayotupwa. Kondroitini inatolewa kwenye koromeo la ng'ombe, nyingine kwenye gegedu la papa. Fikra yake inaeleweka na wala si ya kipumbavu, gegedu lina vitu hivi ndani yake kwa hivyo mtu akaona ukivila vitaenda kulijenga. Lakini kikifika tumboni kinasagwa kama chakula kingine, na kiasi kinachofika kwenye kiungo ni kidogo, na hata hicho kikifika si lazima kifanye kazi tunayoitaka sisi.

Wameshapima. Kwa watu, Marekani walifanya jaribio kubwa la watu 1,583 wenye magoti mabovu, majibu yakatoka mwaka 2006, na kwa jumla yao wote glukosamini na kondroitini hazikushinda kidonge cha bure kisicho na dawa. Kwa mbwa na paka, mwaka 2022 watafiti wa Montreal kule Kanada walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa na wengine wakayapima pamoja, na kuhusu glukosamini na kondroitini hawakuzungusha maneno, walisema haziondoi maumivu ya yabisi na zisipendekezwe tena kwa kazi hiyo. Kilichofanya vizuri kwao ni omega-3, yale mafuta ya samaki, ntarudi hapo. Na muangalie vizuri, hayo yote yalikuwa kwa walioshaugua, kuwapunguzia maumivu. Kukinga ndio mbali zaidi, manake ili ujue kitu kinakinga lazima uchukue watoto wa mbwa wazima uwafuate miaka kumi, na kwa vidonge hivi hakuna aliyewafuata hivyo akaja na jibu la kukupa moyo.

Kuna na kome wa kijani wa New Zealand, wanauzwa unga wake. Hao majibu yamechanganyika, jaribio hili limeona nafuu jingine halikuona. Sina ugomvi nao lakini na wao si kinga.

Na jambo jingine, saplimenti si dawa, hailazimiki kuthibitisha kwamba inafanya kazi kabla haijawekwa dukani. Huko nje wamewahi kupima makopo wakakuta kilichoandikwa sicho kilichomo. Hazina madhara makubwa, mara nyingi ni tumbo tu kidogo, kwa hivyo kama wampa mbwa wako usione umemtilia sumu. Umempa kitu kisichomfikisha unakotaka afike, basi.

Sasa mtu ataniambia, mbona mimi wangu nilimpa na nikaona mabadiliko? Nakuamini. Mimi pia niliona. Ile miaka ya kwanza ningekuapia kwamba Bosi anakimbia vizuri zaidi, nilimwambia mamangu, nilimwambia kila mtu. Daktari akanieleza kuna jambo limechunguzwa kabisa, mwaka 2012 walitoa majibu ya mbwa wenye yabisi ambao walikuwa wanapewa kidonge cha bure bila wenyewe kujua, wakawakanyagisha kwenye sakafu yenye mtambo unaopima mguu unakanyaga kwa uzito gani. Mtambo ukasema mguu ni ule ule. Wenye mbwa, karibu wanne katika kila kumi, wakasema ameendelea vizuri! Na si wenye mbwa tu, hata madaktari waliowaangalia kwa macho walikosea hivyo hivyo. Nilipolisikia hilo sikuona aibu, niliona huruma, manake unampenda mnyama, umetoa pesa, kila asubuhi unampa kwa mkono wako, macho yako yanataka sana kuona. Na yabisi yenyewe haina msimamo, kuna wiki mbaya na wiki nzuri, unanunua kopo kwenye wiki mbaya, wiki nzuri ikija unalishukuru kopo.

Ndio nikamkumbuka Bi Mwanaisha. Yeye hakununua kitu. Hakuwa anajua Bosi anapewa nini wala hakuwa na matumaini yoyote, aliona tu mbwa anainuka vibaya akasema.

Haya, nini kinasaidia basi. Kubwa kuliko yote ni uzito, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo roho inaponiuma.

Kuna utafiti wa Labrador 48, kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina ndio walioufanya. Waliwachukua watoto wa matumbo yale yale, wakawapanga wawili wawili, mmoja akala shibe yake, ndugu yake akapewa robo pungufu ya alichokula mwenzake, chakula kile kile, kuanzia wiki ya nane tangu wazaliwe mpaka wafe. Miaka kama kumi na nne waliwafuata. Wale waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, miaka 13 kwa 11.2, hayo yalitoka 2002. Na nyonga sasa: waliokula shibe, nusu yao yabisi ya nyonga ilishaonekana kwenye eksirei wakifika miaka 6. Waliopunguziwa, nusu yao ilionekana wakifika miaka 12. Sita kwa kumi na mbili! Ndugu wa tumbo moja. Hakuna kopo lolote duniani limewahi kuonyesha kitu kama hicho, na hii ni robo ya chakula kupungua.

Bosi siku ya eksirei alikuwa kilo 46. Shepadi dume anatakiwa awe baina ya 30 na 40. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu anakula nini. Nikaanza kumtajia... asubuhi ugali na dagaa, mchana makombo ya jikoni, usiku ugali tena na matumbo, Ijumaa pilau iliyobaki, Jumapili biriani na mifupa yake, na babake Baraka kila akinywa chai jioni mahamri moja ni ya Bosi. Nilikuwa namtaja kwa fahari mwanzo, katikati sauti ikaanza kushuka. Sisi hapa mbwa mnene ndio tunasema katunzwa, mbwa akionekana mbavu tunasema wale hawana huruma, wanamuweka mbwa na njaa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nampa kidonge cha viungo kwa mkono huu na kwa mkono huu namuongezea kilo za kuvibomoa viungo vile vile.

Daktari akanifundisha kupima kwa mkono, na hili mtu yeyote anaweza kufanya leo. Nyoosha mkono wako, kiganja kiangalie chini, pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya mgongo wa mkono pale mifupa ya vidole inapoanzia, unaihisi mifupa lakini haijachomoza. Mbavu za mbwa zinatakiwa ziwe hivyo ukimpapasa. Kunja ngumi, pitisha juu ya vifundo, zikiwa hivyo kakonda. Geuza kiganja, bonyeza pale chini ya vidole, mifupa iko lakini uitafute, zikiwa hivyo kanenepa. Mbavu za Bosi nilizitafuta mpaka nikakandamiza akanigeukia kuniangalia. Alafu simama juu yake muangalie kiuno, kiwe kimeingia ndani. Cha Bosi kilikuwa kimenyooka kama sanduku.

Tulimshusha polepole, ilichukua miezi tisa kufika kilo 38. Mahamri ilikuwa ngumu kuikata kuliko vyote, sio kwa Bosi, kwa babake Baraka. Daktari alisema mbwa mnene anayechechemea huanza kupata nafuu akipunguza hata asilimia 6 tu ya uzito wake, na kwa Bosi hiyo ni kama kilo tatu, na kweli zilipofika tatu...  nimeshasema macho yangu siyaamini tena, kwa hivyo niseme hivi: alianza tena kupanda ngazi mbili za ukumbini bila kusimama katikati. Hilo nilikuwa naliandika kwenye daftari kila siku, kasimama au hakusimama.

La pili ni jinsi anavyokua, na hili ndio la Zuhura. Watu wa hapa tukipata mtoto wa mbwa mkubwa tunataka awe mkubwa haraka, tunamtilia maziwa, tunamtilia unga wa mifupa, tunanunua kalsiamu ya maji kule kule agroveti, eti masikio yasimame na mifupa iwe migumu. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita mwili wake hauna uwezo wa kuikataa kalsiamu iliyozidi, ukimtilia inaingia nyingi, na ikizidi mifupa inakua ovyo na viungo vinapinda. Waholanzi kule Utrecht waliliona hili kwa Great Dane, mbwa wakubwa mno wale, zamani, miaka ya 80. Kama anakula chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa basi inatosha iliyomo, usiongeze. Bosi nilimpa ile chupa mpaka ikaisha, nikanunua nyingine. Sitasema ndio iliyomharibu nyonga, baba yake yule aliyemzaa nilikuja kusikia naye alikuwa haendi vizuri, lakini haikumsaidia.

Na hapo hapo kwa wazazi, mtu akikuuzia shepadi usiangalie tu rangi na masikio. Muombe akutolee mama na baba uwaone wakiinuka kutoka chini, uwaone wakitembea kwa nyuma. Huko nje wanawapiga eksirei wazazi kabla ya kuwazalisha, kwetu wengi hawafanyi, basi angalau macho. Kwa Zuhura tulimuona mama, anaruka ukuta wa mawe wa kumfika mtu kiunoni.

Ngazi na taili. Norwe waliwafuata watoto wa mbwa wa aina nne kubwa, wakatoa majibu 2012, waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kabla ya miezi mitatu walipata shida ya nyonga zaidi, na walioachiwa huru kucheza nje kwenye ardhi ya kawaida, nyasi nyasi na mabonde, walipata kidogo. Sisi nyumba zetu taili tupu kwa sababu ya joto, zinapendeza, lakini muangalie mtoto wa mbwa akikimbia juu ya taili miguu ya nyuma inavyotawanyika kama ya chura. Zuhura nimemtandikia mikeka kutoka jikoni mpaka mlangoni, na asubuhi namuachia uani kwenye mchanga. Kumburuza mbio na baiskeli barabarani, hapana, mpaka akomae.

Samaki sasa. Omega-3 kama nilivyosema ndio iliyopata majibu mazuri kwa mbwa waliokwisha ugua, inapunguza uvimbe ndani ya kiungo, na sisi tuko pwani jamani. Bosi nilianza kumpa simsim, wale samaki wadogo wa baharini, mara tatu kwa wiki, nawachukua Kongowea asubuhi wakiwa bado wanang'aa, nawachemsha bila chumvi. Dagaa wakavu ni wazuri lakini muangalie wale waliotiwa chumvi, waroweke uwamwage maji. Ukitaka mafuta ya kopo muulize daktari kiasi kwa kilo za mbwa wako, yakizidi anaharisha na pia yanamnenepesha, ni mafuta yale. Na usichanganye mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki, yale ya ini yana vitamini A na D nyingi, ukimpa mengi ya kufikisha omega-3 utamdhuru. Lakini hata hii sisemi kwamba ni kinga kwa Zuhura. Anakula samaki kwa sababu ni chakula kizuri, basi.

Na hili nalisema kwa nguvu zote: mbwa akichechemea msikimbilie kemisti. Diklofenaki, ibuprofeni, zile tunazomeza sisi mgongo ukiuma, zinamtoboa mbwa tumbo na kumuua figo, na panado nayo inamharibu ini na damu. Nilishakuwa na nusu kidonge mkononi usiku mmoja Bosi analia, nikapiga simu kwanza. Zipo dawa za maumivu za mbwa wenyewe, Bosi anakula karprofeni siku zake mbaya, kwa dozi aliyoandikiwa, baada ya kupimwa damu. Hiyo ni dawa, imepimwa, unaiona inafanya kazi na unajua na hatari zake.

Siku hizi tukiamka mapema twenda Nyali, maji yakiwa yanaanza kupwa, mule ndani ya mwamba bahari imetulia. Namuingiza mpaka maji yamfike kifuani, tunatembea sambamba na pwani dakika kumi na tano, maji yanambeba uzito na miguu inafanya kazi. Mara ya kwanza aliogopa akanikanyaga mguu, sai tukikaribia anavuta kamba. Nikitoka nampangusa vizuri, msimu wa kusi ule upepo wa asubuhi unamkaza nyonga zote.

Babake Baraka nilimueleza jana usiku. Nilimpa mkono wangu nikamwambia pitisha kidole hapa, alafu tukaenda kumpapasa Zuhura pamoja, alafu Bosi. Hakusema kitu muda mrefu. Mwisho akauliza, na kopo? Agroveti hawarudishi pesa. Nikamwambia libaki pale, nitahifadhia uzi. Leo asubuhi kapima Zuhura yeye mwenyewe, kapanda mzani naye mkononi kisha kapanda peke yake, kilo 14 na nusu, kaandika kwenye daftari langu kwa mwandiko wake.

Na tulipokuwa tunatoka na Bosi, Bi Mwanaisha kaikusanya leso yake kama kawaida, kamuangalia akipita, kwa nyuma, mpaka tukafika pembeni.

"Mama Baraka! Leo yuwainuka mara moja."

Nimeliandika na hilo.